Maana za Kitamathali za Kiingereza: Njia Nne za Kumfafanulia Mwanafunzi

Mtu anayefundisha Kiingereza jijini Nairobi, awe mwalimu wa darasani, mkufunzi wa watu wazima jioni au mzazi anayesaidia kazi ya nyumbani, hukumbana na tatizo hili mara kwa mara: mwanafunzi anayajua maneno yote ya sentensi, moja baada ya jingine, lakini sentensi yenyewe haimwambii kitu. Amesoma "she broke the ice", anajua kuvunja na anajua barafu, na bado hajui mwanamke huyo alifanya nini mkutanoni. Hapo anayefundisha ana njia nne za kushika. Anaweza kutafuta nahau ya Kiswahili inayokaribiana na ile ya Kiingereza, anaweza kuanzia kwenye maana ya msingi ya neno na kumwongoza mwanafunzi hatua kwa hatua hadi kwenye maana ya pili, anaweza kusimulia msemo ulikotoka, au anaweza kuweka mezani kamusi na sentensi kadhaa na kumwacha mwanafunzi aipambanue maana mwenyewe. Njia hizi hazina uzito sawa, na inayofaa kwa msemo mmoja huharibu mwingine.

Njia ya nahau kwa nahau ndiyo inayotumiwa zaidi, kwa sababu haichukui muda. Mwanafunzi akiuliza "tight-fisted" ni mtu wa namna gani, mwalimu humjibu kwamba ni mtu mwenye mkono wa birika, na somo likaendelea. Jozi hii ni njema kwelikweli: ngumi iliyofumbwa na mkono uliokunjika kama wa birika zote mbili zinaonyesha mkono usionyooka kutoa. "Hit the nail on the head" nayo hufasiriwa vyema kwa kugonga ndipo, na "pass away" ni kuaga dunia, kwa maana na kwa adabu pia. Pale ambapo lugha mbili zimekutana hivi, hakuna haja ya kumzungusha mwanafunzi.

Hata hivyo jozi njema ni chache, na zinazofanana kwa sura tu ni nyingi kuliko tunavyodhani. Tazama moyo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "broken heart" ni moyo uliovunjika ataandika katika insha kwamba alianguka mtihani wa hisabati lakini hakuwa "heartbroken", akajaribu tena. Kwa Kiswahili wazo lake limekaa sawa, maana kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Kwa Kiingereza amesema jambo jingine kabisa, kwamba hakuwa na huzuni kubwa, kwa kuwa neno hilo ni hasa la mtu aliyeachwa na mpenzi au aliyefiwa. Alichokusudia ni "I did not lose heart". Mwalimu anayesahihisha haraka anaweza asilione kosa hilo, kwa sababu yeye pia anaisoma sentensi akiwa na Kiswahili kichwani. Kichwa nacho kina mtego wake: kwetu mwenye kichwa kigumu ni asiyeelewa upesi, ilhali "hard-headed" husemwa pia kwa kusifu, juu ya mtu anayeamua mambo bila kuyumbishwa na hisia. Na mwanafunzi anayejua kutia chumvi akikutana na "take it with a pinch of salt" atadhani anaambiwa aongeze maneno, kumbe anaambiwa asiyaamini yote anayosikia. Chumvi ni ileile, lakini katika msemo mmoja iko mkononi mwa msemaji na katika mwingine iko mkononi mwa msikilizaji.

Mfano ambao ningependa kila mkufunzi aujaribu darasani ni "beat about the bush". Mwanafunzi mwerevu ataona kichaka, akumbuke mbuyu, na kujibu kwamba ni kuzunguka mbuyu. Katika orodha za nahau zinazofundishwa shuleni, kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Wapo pia wanaoitumia nahau hiyo kwa maana ya kuzungukazunguka bila kusema jambo lenyewe, na kwa hiyo darasa moja linaweza kutoa majibu mawili, yote yakiwa na mashahidi wake. Katika hali hiyo nahau ya Kiswahili haijafafanua kitu. Imeongeza la pili la kufafanuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo wakufunzi wa Nairobi hawana budi kulipima kabla ya kuitegemea njia hii. Nahau ya Kiswahili humsaidia mtu aliyekwisha kuwa nayo. Kijana wa Umoja au Kayole anayezungumza Sheng kutwa kucha aghalabu amezikariri nahau za Kiswahili kwa ajili ya mtihani, si kwa kuzisikia nyumbani. Ukimwambia kwamba "butter someone up" ni kumvika mtu kilemba cha ukoka, umemfafanulia asilolijua kwa asilolijua. Vivyo hivyo kwa mzungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo ambaye amekuja jijini na anajifunza Kiingereza ili apate kazi: Kiswahili chake ni kamili, lakini misemo yake si lazima iwe yetu.

Zaidi ya hayo, jozi inaweza kulingana kwa maana ikakosana kwa adabu. "Kick the bucket" na kukata kamba hukaribiana vizuri, kwa kuwa zote mbili ni za mazungumzo mepesi na hazifai mbele ya wafiwa. Lakini mwalimu akisema kwa ufupi tu kwamba "kick the bucket" ni kufa, mwanafunzi anaweza kuiandika katika barua ya rambirambi. Katika jiji hili mwanafunzi huyohuyo atafungua gazeti la Kiingereza, ukurasa wa matangazo ya vifo, na kukuta maneno "promoted to glory" juu ya picha ya marehemu. Ni usemi wa imani ya Kikristo, unaojulikana sana katika Jeshi la Wokovu, na umezoeleka Kenya kuliko katika nchi nyingi. Asiyefafanuliwa atafikiri mtu amepandishwa cheo kazini.

Njia ya pili, ya kuanzia maana ya msingi, ndiyo ninayoiona kuwa bora kwa sehemu kubwa ya kazi, ingawa inahitaji subira. Msingi wake ni kwamba maana ya kitamathali haikuzuka hivihivi. Imetoka katika jambo linaloonekana au kushikika. Mwaka 1980 mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson wa Marekani walieleza kwa mifano mingi kwamba sitiari si pambo la washairi peke yao bali ni namna ya kawaida ya kufikiri: wakati huzungumziwa kama mali, mabishano kama vita, na wingi kama kupanda juu. Anayefundisha Nairobi hana haja ya kubeba nadharia nzima, lakini wazo hilo humwezesha kufafanua maneno kumi kwa nguvu ambayo angeitumia kwa moja.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari na kitenzi "break". Katikati mchoree mwanafunzi penseli iliyokatika vipande viwili, kisha umwulize ni nini kimetokea. Atasema kwamba kilichokuwa kizima si kizima tena. Andika jibu hilo upande wa kushoto na chini yake weka "break a promise" na "break the law". Mwulize tena: mwenye penseli alikuwa anaandika, sasa je? Ameachia hapo, kazi imekatika. Upande wa kulia andika "break the silence", "break a habit" na "take a break". Kwa tokeo la tatu penseli haitoshi, kwa hiyo chora yai. Likivunjika, cha ndani hutoka nje na kilichokuwa kimefungwa hufunguka. Hapo ndipo mahali pa "break the news", "day breaks", "breakthrough", na ile "break the ice" tuliyoanza nayo, ambayo ni kufungua njia mahali palipokuwa pamegandamana, watu wakiwa wamekaa kimya kila mmoja akimwogopa mwenzake. Ukurasa ukijaa, mwanafunzi huona kwamba hakufundishwa misemo tisa bali neno moja.

Sasa ndipo Kiswahili kiingie, na kiingie kama shahidi. Mwulize mwanafunzi ni ipi kati ya misemo hiyo inayosemeka kwa kuvunja. Atapata kuvunja ahadi, kuvunja sheria na kuvunja ukimya, na ataona kwamba lugha yake imepita njia ileile. Kisha ataona zinapoachana: habari haivunjwi bali hutangazwa au hufichuliwa, siku haivunjiki bali hupambazuka, na kwa upande mwingine sisi huvunja bunge na kuvunjana mbavu kwa kicheko, mambo ambayo "break" haiyafanyi. Faida ya Kiswahili katika njia hii ni tofauti na faida yake katika njia ya kwanza. Pale kilitumika kutoa jibu. Hapa kinatumika kumwonyesha mwanafunzi kwamba yeye mwenyewe husema kwa sitiari kila siku bila kulemewa, na kwa hiyo Kiingereza hakimtaki ajifunze uchawi mpya.

Njia hii hufaa hasa kwa maneno ya magazetini. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei za mafuta, na kesho yake wanahabari huandika kwamba bei "climbed", "soared", "dropped" au "plunged". Mwanafunzi anayejua kwamba bei hupanda, hupaa, hushuka na huporomoka ana picha yote tayari. Anachokosa ni kiwango, yaani ajue kwamba "soar" ni ya juu sana na ya haraka kuliko "climb". Hasira pia hufuata mkondo mmoja: damu huchemka kwetu kama "boiling with anger", na anayejua kwamba kinachochemka hutoa mvuke hatahitaji maelezo marefu juu ya "let off steam". Kuelewa nako, kwetu ni kupata na kushika, na ndiyo maana "I get you" na "grasp the idea" huingia kwa urahisi. Kwa "I see" mwalimu hulazimika kuongeza neno, kwamba Waingereza huelewa kwa macho pia.

Mazungumzo haya mafupi yanaonyesha jinsi njia ya pili inavyokwenda. Mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba alikuwa amepokea ujumbe wa mteja uliosema "I'm just keeping my head above water".

"Mwalimu, kwani aliangukia mtoni?"

"Hapana, mama. Hebu niambie kwanza: mtu akiwa katikati ya maji mengi na kichwa kiko juu, yuko katika hali gani?"

"Anapumua, lakini hajafika ukingoni. Akichoka kidogo tu amezama."

"Basi mahali pa maji weka madeni."

"Kumbe anasukuma tu siku. Hawezi kunilipa mwezi huu."

Mwalimu hakutaja nahau yoyote ya Kiswahili. Mama aliifikia mwenyewe, na juu yake akalisoma lile lililofichwa ndani ya ujumbe. Lau mwalimu angetangulia kusema kwamba maana yake ni kusukuma siku, mama angepata jibu sahihi, lakini asingepata ile hatari ya kuzama, ambayo ndiyo iliyomwambia kuhusu deni lake.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye misemo ambayo picha yake imezibika. Hakuna hatua zinazoonekana kutoka kwenye kupiga teke ndoo hadi kwenye kifo, na mwalimu anayelazimisha picha hapo atabuni uongo. Vilevile picha iliyo wazi kwa Mwingereza inaweza kuwa gizani kwa mtu wa hapa. Barafu ya mtoto wa Nairobi ni ile ya friji. Mto uliofunikwa na barafu hadi chombo kishindwe kupita hajauona, na ni lazima aelezwe kabla "break the ice" haijatoa maana yake yote. Hapo ndipo njia ya tatu inapokuja kusaidia.

Kusimulia asili ya msemo kuna nguvu kubwa kwa kumbukumbu. Mtafiti Frank Boers wa Ubelgiji na wenzake wamefanya kazi nyingi juu ya jambo hili na kuonyesha kwamba wanafunzi wanaoelezwa nahau ilikotoka huikumbuka vizuri kuliko wanaopewa maana tupu. Sababu si ngumu kuiona: hadithi huacha picha, na picha hushikilia neno. "Throw in the towel" ni mfano unaofaa sana Nairobi, jiji lenye wapenzi wa ndondi ambao bado wanamkumbuka Robert Wangila aliyeleta dhahabu kutoka Seoul mwaka 1988. Ukieleza kwamba msaidizi wa bondia hurusha taulo ulingoni kuonyesha kwamba mtu wake hawezi kuendelea, umemaliza; tena umefafanua kwamba ni kukubali kushindwa baada ya kupigana, si kukataa kupigana. "Learn the ropes" nayo hutoka kwa mabaharia, ambao katika enzi za matanga walilazimika kuijua kila kamba na kazi yake. Nairobi haina bahari, lakini redio zetu husema kila wiki kwamba mashindano yameng'oa nanga. Mwanafunzi akikumbushwa hilo huelewa mara moja jinsi lugha ya chomboni inavyoweza kuhamia nchi kavu na kukaa huko.

Ila njia hii ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba asili iwe na uhusiano unaoonekana na maana ya leo. La pili, na ni zito zaidi, ni kwamba asili yenyewe iwe ya kweli. Misemo ya Kiingereza imezungukwa na ngano zilizotungwa baadaye. "It's raining cats and dogs" husimuliwa kwamba wanyama hao walilala juu ya paa za nyasi wakateleza mvua iliponyesha. Hadithi hiyo haina ushahidi. Tunachokijua ni kwamba Jonathan Swift aliutumia msemo huo mwaka 1738, na chanzo chake hakijathibitishwa. "Red herring" ni bora kidogo: ni samaki aliyetiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi hadi akawa mwekundu, harufu yake kali, na mwandishi William Cobbett ndiye aliyeieneza maana ya kupoteza watu njia alipoandika mwaka 1807 kisa cha kuwapotosha mbwa wa windo kwa samaki huyo. Anayejua harufu ya samaki wa moshi sokoni atakielewa kisa hicho bila shida. Mwalimu asiyekuwa na hakika ya asili ni afadhali anyamaze, kwa kuwa mwanafunzi atairudia hadithi hiyo maisha yake yote kwa jina la mwalimu wake.

Njia ya nne, ya kamusi na sentensi, nitaipitia kwa haraka kwa sababu ni nyongeza ya zile nyingine zaidi kuliko mshindani wao. Kamusi za wanafunzi zina ubora wake. Kampuni ya uchapishaji ya Longman, ilipotoa ya kwake mwaka 1978, ilifafanua maneno yote kwa msamiati wa msingi wa takriban maneno 2,000, na mtindo huo umewasaidia wengi. Sentensi tatu au nne nzuri huonyesha neno linaandamana na nani, jambo ambalo nahau ya Kiswahili haiwezi kulionyesha. Hata hivyo kamusi iliyoandikwa Uingereza haitamwambia mwanafunzi kwamba jijini Nairobi "sponsor" ni pia mwanamume wa makamo anayemgharamia msichana, wala kwamba "they ate the money" ni Kiingereza chetu kilichozaliwa na kula pesa za umma. Anayeomba ufadhili wa masomo anapaswa kujua maana hizo zote mbili za "sponsor", na wa kumweleza ni mtu wa hapa.

Basi katika kuchagua, ningeanza kwa kuuliza ikiwa picha ya msemo bado inaonekana. Ikiwa inaonekana, shika njia ya maana ya msingi, hata kama unajua nahau nzuri ya Kiswahili. Nahau hiyo ije mwishoni, na ikiwezekana itoke kinywani mwa mwanafunzi. Ikiwa picha imezibika lakini asili inajulikana kwa hakika, simulia asili. Ikiwa vyote viwili havipo, kama katika "kick the bucket", toa maana kwa Kiswahili cha kawaida bila kuipamba, kisha sentensi mbili. Nahau kwa nahau ningeiweka mbele katika hali moja tu: mwanafunzi anasoma kitu kirefu, amekwama kwenye msemo mmoja, na anataka kuendelea na kusoma. Hapo wepesi ndio unaohitajika, na maelezo marefu yangemkatiza.

Umri na haja ya mwanafunzi pia hubadilisha uamuzi. Mtoto wa shule ya msingi hufurahia michoro ya penseli na yai, na asili za misemo zimngoje akue. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, anahitaji zaidi kujua mipaka ya msemo, kwa sababu ataandika insha, na kosa la "heartbroken" humgharimu alama ambazo asingezipoteza kwa kunyamaza. Mtu mzima anayejifunza kwa ajili ya kazi hotelini au dukani anahitaji kwanza kuelewa anachoambiwa. Kutumia misemo mwenyewe kunaweza kusubiri.

Kwa yeyote kati yao, usiridhike anapokuambia maana. Mwulize ni nani ambaye hawezi kumwambia msemo huo, na ni wapi asingeuandika. Anayeweza kujibu kwamba "kick the bucket" haifai mbele ya mama aliyefiwa, na kwamba "throw in the towel" haiwezi kusemwa juu ya mtu ambaye hakujaribu, ameshika neno; asiyeweza, mrudishe kwenye penseli na yai.